Kumzika Opolot

Busia, 6 Aprili 1964

Kwa shemeji yangu Nashon Etyang,

Mulembe. Najua utaitikia kwa Kiteso hata kama hunioni, kwa hiyo tuseme tumekwisha salimiana. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto hunitangazia mvua kabla haijafika, na mwaka huu mvua yenyewe haina adabu. Pasaka tulisali vizuri. Kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama nje madirishani, nami niliimba hata sauti ikakauka. Biashara ya samaki inakwenda. Nakuletea wachache waliokaushwa vizuri, kwa mkono wa huyu Mangeni anayepeleka mzigo soko la Tororo. Wakifika wawili, ujue walikuwa watatu. Msalimie sana mkeo Truphena, mwambie mtama wake ulikuwa safi, sikuokota jiwe hata moja.

Mama hajambo? Kila barua unaniandikia "Mama yupo." Hata mlango upo, shemeji. Niandikie habari za mtu.

Sasa nisikuzungushe. Nataka tumzike Opolot.

Kaka yako, mume wangu, ana miaka ishirini tangu afie vitani huko Bama, ng'ambo ya bahari, na mpaka leo hakuna mahali mtu anaweza kuonyesha kwa kidole aseme, huyu hapa. Sijamkalia matanga wala kuyaondoa. Kwetu Lunyo, sisi Wasamia, mtu akifia mbali na mwili usirudi, watu hukata mgomba, wakauvika nguo yake, wakauzika bomani kwake. Wanalia, wananyamaza, wanakwenda kulima. Nataka tufanye hivyo hapo Merikit mwaka huu, kabla ya Jumapili ile ya Novemba ambayo makanisa huwakumbuka askari. Wewe ni mwalimu wa kanisa, utaomba dua. Nguo yake ninayo moja.

Usiniulize kwa nini mwaka huu.

Mimi shemeji yako,
Wilkister

*

Merikit, 2 Mei 1964

Kwa mke wa kaka yangu, Wilkister,

Salamu katika jina la Bwana wetu. Barua yako ilifika ikinuka samaki, nikaisoma nikiwa na njaa. Samaki walifika wawili, kama ulivyotabiri. Sisi hapa tu wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, pamba tumepalilia mara ya kwanza, na Truphena anasema ukija atakuonyesha jiko jipya ambalo halitoi moshi. Mimi humo ndani nalia machozi, lakini nimeambiwa ni macho yangu yaliyo mabovu.

Kuhusu lile la kaka, nimelisoma mara nyingi. Wilkister, mimi ndiye ninayewafundisha watu hapa kuacha mambo ya zamani. Tangu nilipookoka nimesimama mbele yao nikisema tuna tumaini moja tu, la ufufuo. Leo nisimame juu ya mgomba uliovaa shati, niseme tumerudisha mavumbi kwa mavumbi? Mgomba si kaka yangu. Watu watacheka, na wenye haki ya kucheka watakuwa wengi. Mungu anajua Opolot alipolala. Siku ya mwisho hata bahari itawatoa wafu wake, sembuse msitu wa Bama.

Tusiharakishe jambo hili. Tuliombee.

Mama yupo.

Nduguyo katika Bwana,
Nashon

*

Busia, 11 Mei 1964

Shemeji,

Sisi hatujambo. Mvua inanyesha.

Mungu anajua alipolala, sawa. Hilo sijawahi kulitilia shaka. Mimi ndiye nisiyejua, na mimi ndiye niliyekuwa mkewe. Sara alipokufa, Ibrahimu hakusema Mungu anajua alipo. Alikwenda kwa wenye ardhi, akainama, akaomba mahali pa kumzika. Yusufu naye alipokufa Misri aliwaapisha nduguze kwamba mifupa yake isiachwe huko. Hao ni watu wa Biblia yako ileile, na wala hawakuwa Wasamia.

Halafu wewe unaniambia tusiharakishe, baada ya miaka ishirini! Hata kobe angesema umechelewa. Kuna jambo unanificha, Nashon. Nakujua tangu ukiwa mvulana unaiba karanga zangu, ukiulizwa unajibu kwa kusali.

Wilkister

*

Merikit, 28 Juni 1964

Kwa shemeji yangu Wilkister,

Nisamehe kwa kukawia. Truphena aliugua homa, sasa ni mzima na amerudi kunitawala. Mto nao ulifunika daraja, Mangeni akakaa kwake wiki mbili bila safari. Yule ndama dume anakua vizuri.

Ni kweli nilikuficha. Si mgomba tu. Ni Mama.

Mwaka ule habari ilipokuja kutoka boma la serikali kwamba Opolot amekufa, Mama alikuwa kitandani na homa kali. Baba akatuita nyuma ya ghala akatukataza kutamka neno la kifo mbele yake. Wewe ulikuwapo, ndiyo maana ulikuwa ukienda kulia mtoni. Mama alipopona, Baba akasema tungoje apate nguvu. Alipopata nguvu, Baba akasema tungoje mavuno. Baba akafa akingoja. Hata Ekwaro, aliyekuwa kundi moja na kaka huko vitani, alipotoka jeshini na kuja kutuamkia, Baba alimkamata njiani akamfunga mdomo. Mpaka leo kigoda cha Opolot kiko nyumbani kwa Mama, na hakuna anayekikalia. Mgeni akikisogelea, Mama humwambia, "Hicho kina mwenyewe." Anamngoja mwanawe, Wilkister. Nitamwambiaje leo tunachimba kaburi? Nitakuwa nimemzika yeye. Ndiyo maana nakuandikia tu kwamba yupo, kwa sababu nikianza kuandika habari zake nitafika hapa.

Basi nimesema langu, nawe sema lako. Mangeni anatuambia pale sokoni Busia kuna fundi cherehani ambaye siku hizi anakula samaki kumshinda paka. Ulisema nisiulize kwa nini mwaka huu. Siulizi. Nakaa tu hapa nangoja barua.

Nashon

*

Busia, 7 Julai 1964

Shemeji mpendwa,

Mpe Truphena pole. Mwambie achemshe majani ya mwarobaini, na wewe unywe pia, yatakupunguzia maneno. Mangeni nitamkata ulimi niuanike pamoja na samaki.

Anaitwa Phanuel. Anashona barazani kwa duka moja hapa mjini, upande huu wa Kenya. Mkewe alifariki zamani, watoto wake wameoa na kuolewa. Ni mzee wa kanisa letu. Si kijana, kichwa chake kimeanza kuona jua, lakini akicheka cherehani yake inasimama. Aliniomba tuoane, tutangazwe kanisani kama watu wengine. Mchungaji akaniuliza kama mimi ni mjane. Nikasema ndiyo. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijiona kama nimesema uongo.

Sijamlilia mume wangu waziwazi hata siku moja, Nashon. Sikuruhusiwa. Nikisimama madhabahuni na Phanuel nitakuwa kama mke aliyetoroka mume akiwa safarini. Nilimweleza. Unajua alisema nini? Alisema, "Mama, mimi siwezi kugombea mlango na mtu ambaye hajatoka ndani. Kwanza umtoe kwa heshima, ni askari huyo, si mwizi. Mimi ntangoja hapa nje, ntajishonea shati." Ndiyo sababu ya mwaka huu. Sote wawili hatuna miaka mingi ya kuchezea.

Kuhusu Mama, sikujua kwamba mpaka leo hajaambiwa. Nilipoondoka Merikit na mzigo wangu, baada ya wewe kumuoa Truphena na kuwaambia wazee wa ukoo kwamba Mkristo harithi mke wa nduguye, Mama hakutoka nyumbani mwake kuniaga. Nilisimama mlangoni mpaka nikaona haya. Nimeamini miaka yote hii kwamba alinichukia kwa kukata tamaa na mwanawe. Sasa naona nilikuwa sahihi, kwake Opolot ni msafiri na mimi ndiye niliyetoroka.

Kama jambo hili litamuua, liache. Nitabaki nilivyo, nimezoea.

Lakini nampenda Phanuel. Sasa nimeiandika na siwezi kuifuta.

Wilkister

*

Merikit, 30 Agosti 1964

Kwa dada yangu Wilkister,

Nakuita dada leo, utaona sababu. Nyumbani wote wazima, mtama umevunwa, ndama dume amevunja ua wa jirani. Basi, salamu zimekwisha.

Barua yako ilinichoma. Nikasema angalau nikuletee habari za alivyokufa, hata kama kaburi halipo. Nikamwalika Ekwaro aje kwangu mchana, Mama alipokuwa shambani. Unamjua Ekwaro, ni mtu wa Kiteso kitamu, lakini akianza habari za vita hugeukia Kiswahili cha jeshi. Nadhani kwa lugha ya mama yake maneno yale hayapiti. Nakuandikia alivyosema.

"Sisi naambiwa rudi nyuma. Mvua mingi, matope mpaka hapa. Mnyasa moja nabaki huko chini, mguu nakwisha vunjika. Nalia kwa lugha yake, hapana mtu nasikia. Opolot nasema, 'Huyo mtu naita mama yake.' Mimi nasema wacha, bwana. Yeye nasema, 'Huyo naita mama.' Nakwenda. Nabeba yeye kwa mgongo, naleta mpaka karibu na sisi. Halafu risasi. Mnyasa napona."

Nikamuuliza jina la yule Mnyasa, yule askari wa kutoka Nyasa. Akasema, "Sijui. Hata Opolot hapana jua."

Wilkister, Bwana wetu alifundisha kwamba hakuna upendo mkubwa kuliko wa mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Nimeihubiri aya ile miaka yote. Kaka yangu alitoa wake kwa mtu ambaye hata hakuwa amemsalimia.

Hapo ndipo tulipoona kivuli mlangoni. Mama alikuwa amerudi na kikapu cha mtama. Kiswahili hajui, lakini jina la mwanawe alilisikia. Nikasimama ili nimpoteze kwa maneno. Hata hakunitazama. Aliweka kikapu chini, akakaa, akamuuliza Ekwaro kwa Kiteso:

"Ulimlaza upande gani?"

Ekwaro alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Mama akarudia, "Nakuuliza wewe. Mlimlaza upande gani, au mlimtupa?"

"Upande wa kulia, Mama," Ekwaro akasema. "Kama mwanamume anavyolazwa. Nilichimba mwenyewe. Nilimfunga kwa blanketi langu, nikamfunika uso kwa majani kabla ya udongo."

"Palikuwa na maji?"

"Hapana. Tulimpandisha kilimani, kwenye udongo mkavu. Mwekundu kama wa hapa."

Mama alishusha pumzi ndefu, kisha akalia kidogo tu, kwa heshima. Halafu akatugeukia kwa hasira ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto. Akasema, "Mlidhani sijui? Homa ilikuwa mwilini, si machoni. Nilimwona yule msichana akienda mtoni asubuhi na jioni, akirudi na mtungi mtupu na macho mekundu. Nilijua siku ileile." Nikamuuliza, basi kwa nini alinyamaza miaka yote? "Kwa sababu ninyi mlinyamaza! Watu hawafichi mazishi mazuri. Nikasema bila shaka mwanangu ameachwa porini akaliwa na fisi, ndiyo maana hakuna anayethubutu kufungua mdomo. Na kama mkewe hajui habari ya fisi, asiisikie kwangu."

Nikauliza kuhusu siku ulipoondoka. Akasema hakutoka kukuaga kwa sababu angelia, nawe ungejua. Alikusikia umesimama mlangoni. Naye alikuwa amesimama upande wa ndani.

Kigoda je? Nikasema, "Mama, sisi tulidhani unamwekea kiti chake mpaka arudi." Akanitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani. "Ni kigoda cha marehemu. Kwenu mnakalia vigoda vya marehemu hivihivi, matanga hayajaondolewa?"

Mwisho nikamweleza ombi lako la mgomba, na mabishano yetu. Akasema, "Mwambie mtu hazikwi mara mbili. Ekwaro amekwisha kumzika, tena vizuri." Kwa hiyo mimi na wewe, na Biblia zetu, tumeshindwa wote kwa mpigo mmoja.

Wako,
Nashon

*

Busia, 14 Septemba 1964

Ndugu yangu,

Mangeni aliniletea barua nikiwa sokoni. Niliisoma nimesimama, nikafika pale pa upande wa kulia, nikaketi chini kati ya samaki nikalia. Si kulia kwa mtoni kwa kuziba mdomo. Nililia kwa sauti mpaka wauza viazi wa ng'ambo ya pili wakaja. Wakauliza nimefiwa na nani. Nikasema mume wangu. Wakauliza lini. Nikasema miaka ishirini iliyopita. Nilidhani watacheka. Wakajifunga vitenge viunoni wakaketi nami, wakaimba nyimbo za msiba mpaka jua likageuka. Mmoja aliniuzia samaki wangu wote wakati nikilia, na hakupunguza bei.

Phanuel alifunga cherehani akaja kusimama karibu. Wanawake walimwambia akachote maji, akaenda kuchota.

Kwa hiyo nimefurahi, Nashon. Sikujua furaha yaweza kuja kwa njia hii. Mume wangu hakutupwa. Mwambie Ekwaro kwamba nitamshukuru kwa mdomo wangu, na kwamba blanketi lile nitamlipa kwa lingine.

Mgomba nimeuacha. Lakini kanisa nalo lifanye lake. Nataka jina lake lisikike Novemba.

Wilkister

*

Merikit, 10 Oktoba 1964

Dada yangu,

Jana tuliadhimisha Uhuru. Watoto waliimba, mkuu wa gombolola alihutubu mpaka mbuzi wakalala. Mama anaendelea vizuri na sasa nakuandikia habari zake: anakula, anagomba, na amemkataza Truphena kutumia lile jiko.

Baraza la wazee wa kanisa tulikaa Jumanne. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja alisema Opolot hakubatizwa, alikwenda vitani akiwa bado katika darasa la ubatizo, kwa hiyo hawezi kutajwa pamoja na waamini. Mwingine akasema kanisa letu haliombei wafu. Kijana wa chama akasimama akasema ile ilikuwa vita ya Wazungu, sasa tuko huru, askari wa mfalme wa watu tuwakumbuke kwa nini?

Mchungaji aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Vita ilikuwa ya Wazungu. Watoto walikuwa wa kwetu." Juu ya ubatizo akasema sisi si mahakimu, na hatuwaombei waliokufa, tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Mtu aliyekwenda kumtoa mgeni matopeni alifanya alichotuagiza Bwana, na wengi wetu tuliobatizwa hatujafanya nusu yake. Yule mzee alikohoa, hakurudia.

Mimi nilisimama nikawakumbusha Yoshua. Alipovuka Yordani aliamuru watu watwae mawe, wayaweke mahali pamoja, ili watoto wakiuliza mawe haya ni ya nini, waelezwe. Hayakuwa makaburi wala sanamu, yalikuwa mawe ya kuulizwa. Hapa kwetu mawe ni mengi kuliko chumvi. Kila nyumba iliyopoteza mtu katika vita ile italeta lake, tutayashika kwa saruji mbele ya kanisa, na majina yatasomwa. Wakakubali. Kijana wa chama aliahidi kuleta saruji, sijui ni nini kilichomgeuza, lakini simuulizi.

Ni Jumapili, tarehe nane Novemba. Njoo. Mlete na fundi.

Nashon

*

Busia, 16 Novemba 1964

Ndugu yangu,

Tulifika salama, na goti limenisamehe. Phanuel anasema hajawahi kula ugali wa mtama kama ule, na namwamini, maana alikula kama anayetafuta kitu chini yake.

Nakuandikia yale usiyoyaona, kwa sababu ulikuwa umeinamisha kichwa. Ulisoma majina ya wengine kwa sauti ya mwalimu, watu wakija na mawe yao mmojammoja. Ulipofika kwa Opolot ulifungua mdomo, ukaufunga. Ukafungua tena. Nilitaka kusimama nikusaidie. Ekwaro naye, ndani ya koti lake la jeshi lisilofunga tumboni, alikuwa akitazama paa.

Ndipo Mama akasimama. Jiwe lake lilikuwa kubwa, alikataa kusaidiwa. Alitembea nalo mpaka mbele, akaliweka, akajinyoosha, akasema akiwatazama watu: "Opolot, mwana wa Ekaju. Nimemzaa mimi. Alikwenda kumtoa mtoto wa mama mwenzangu. Amezikwa."

Watu wote wakaitikia amina, na yule mzee wa ubatizo ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Nilitazama mawe yale nikaona nimemwona mume wangu akienda zake kwa heshima, si kutoweka. Ulilia, Nashon, mbele ya darasa lako zima. Usione haya. Tulikuwa tunakungoja.

Jioni Mama aliponinyoa nywele kuondoa matanga, nami nikamnyoa yeye, nilikuona ukijifanya unatengeneza mlango wa zizi. Mwalimu wa kanisa, mlango ule haukuwa na ubaya wowote.

Jambo moja tu linanikaa moyoni. Nilipokuwa nikiondoka, wazee wawili wa ukoo walinivuta kando. Walisema wamemwona mgeni wangu, wanajua macho yanavyotazama, na nikiolewa nje ya ukoo basi ng'ombe wa mahari warudi Merikit. Kwetu hakuna wa kuwarudisha, baba na mama yangu wote wamekwisha kufa. Na Mama mwenyewe sikuthubutu kumwambia lolote. Alimkaribisha Phanuel, akamwita "mgeni wako," basi. Nimetoka kumpata tena baada ya miaka hii yote. Nisingependa kumpoteza mwezi uleule.

Ukiona nafasi, mguse taratibu.

Wilkister

*

Merikit, 5 Desemba 1964

Dada yangu,

Hatujambo. Sikupata nafasi ya kumgusa Mama taratibu. Wale wazee walikuja leo asubuhi, na yeye ndiye aliyewapokea. Walipoondoka aliniita nilete karatasi. Amekaa hapa ubavuni mwangu, ananiambia niandike Kiswahili chako kwa maneno yake, nisiongeze wala nisipunguze. Haya basi:

"Wilkister, binti yangu. Wazee wamekuja kudai ng'ombe. Nimewaambia waende boma wakaulize kwanza nani atanirudishia Opolot. Akirudishwa, ng'ombe nao warudishwe. Wamekunywa uji wakaenda, na hawatakuja tena, mimi nawajua.

"Yule mwanamume nilimwona. Anakula vizuri na hazungumzi sana. Alipodhani hakuna anayemtazama, alikwenda peke yake kwenye lile jiwe, akavua kofia, akakaa hapo kitambo. Mtu anayemheshimu mume wa mwenzake namna ile, mpe mkono.

"Olewa. Mama yako wa Lunyo hayupo, kwa hiyo siku ya arusi nitakuja mimi, nitakaa mahali pa mama wa bibi arusi. Atakayeniuliza nimefika hapo kwa njia gani, nitamjibu mwenyewe. Mwambie huyo fundi anishonee gauni la gomesi. Asinipunje kitambaa."

Amesema basi. Ananiuliza mbona sijafunga barua.

Nashon